Sijaliona si sawa na halipo

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama kalamu imekauka au nimeoa. Hapana kwa yote mawili. Mwenzenu nilikuwa na aibu. Na aibu ya mwandishi wa habari ni ugonjwa mbaya: ukikaa nayo inakula taratibu, ukiisema watu wanakucheka. Nimeamua mnicheke.

Ilikuwa hivi. Kila tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, na siku hiyo kila chumba cha habari hutafuta habari yenye mti au mnyama ndani yake. Mhariri wangu alinijia saa kumi jioni akasema ukurasa wa saba una tundu la maneno mia nne. Bahati nzuri, au mbaya, asubuhi ya siku hiyo binamu yangu anayeishi Hamburg alikuwa amenitumia picha ya chungu cha maua kilichokaa dirishani kwake. Majani manene yenye manyoya laini kama mahameli, maua ya zambarau yenye vidoti viwili vya njano katikati. Kwenye chungu kuna kibandiko kimeandikwa Usambaraveilchen. "Hili si la kwetu hili?" aliniuliza. "Nimelinunua dukani kwa bei ya kikombe cha kahawa."

La kwetu kabisa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimezaliwa Tanga, nimesoma Tanga, maji niliyooga utotoni yanatoka mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki. Na ua hilo linaloitwa kwa jina la milima yetu sikuwahi kuliona kwa macho yangu hata mara moja. Basi nikapata wazo: mwandishi anauliza, je, ua hili bado lipo kwao? Nikampigia simu jamaa mmoja wa Muheza ambaye zamani alikuwa akitembeza wageni milimani. Akaniambia, nakumbuka maneno yake vizuri, "Kwa kweli siku hizi hata sijaliona."

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimemaliza. Kichwa cha habari: UA LA USAMBARA LATOWEKA.

Angalieni vizuri hapo. Mtu amesema hajaliona. Mimi nimeandika limetoweka. Kati ya maneno hayo mawili kuna milima mizima, nami niliivuka kwa kubonyeza kompyuta nikiwa nimekaa kitini Dar es Salaam, feni inanipuliza.

Wiki mbili baadaye simu ikaita, namba nisiyoijua. Sauti ya mzee.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika kwamba lile ua limekwisha?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikuja lini kuliangalia?"

Nikanyamaza. Kuna maswali ambayo hata uwe umesoma uandishi wa habari miaka mingapi, jibu lake ni fupi tu. "Sikuja, mzee."

"Haya. Basi ujue gazeti lako limefika huku, na limesomwa kwenye mkutano."

Akanieleza taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Pembezoni mwa hifadhi kuna msitu mdogo wa kijiji, mteremko wenye miti mikubwa na mwamba mrefu unaochuruzika maji mwaka mzima. Kwenye mwamba ule ua lilikuwepo, na mojawapo ya sababu za kamati ya maliasili ya kijiji kuuacha mteremko ule bila kuguswa ni hilo ua. Sasa kuna watu wanataka miti ile ipasuliwe mbao. Si watu wabaya, alisisitiza mzee, shule haina madawati na watoto wanakaa chini. Ila mmoja wao alisimama mkutanoni akanyanyua gazeti langu juu, akasema: wenyewe wa Dar es Salaam wameandika limekwisha, sasa tunalinda nini?

Usiku ule sikulala vizuri.

Kabla sijaendelea, ngoja niwaeleze kidogo habari za ua lenyewe, maana mimi nilizisoma baada ya kuandika, jambo ambalo ni kinyume cha taratibu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huku kwetu enzi za ukoloni, alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Kwa hiyo jina la kisayansi likawa la familia ya mtawala, na jina la kawaida la Kijerumani likawa la milima. Mwaka 1927 kampuni moja ya Los Angeles ikaingiza sokoni aina kumi, na leo ni kati ya mimea ya ndani inayojulikana zaidi duniani. Marekani kuna chama cha wapenzi wa ua hili tangu 1946. Wanasayansi nao hawakai kimya: mwaka 2015 walilihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo Saintpaulia siku hizi ni jina la tawi tu ndani ya jenasi hiyo. Kwenye makopo na midomoni mwa watu, jina la zamani limebaki.

Lakini porini, duniani kote, maua haya hayaoti kwingine isipokuwa Tanzania na Kenya, kwenye milima kama Usambara, Nguru na Uluguru na Taita kule Kenya, na kwenye mabaki ya misitu ya pwani. Baadhi ya aina zake zimo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vilivyo hatarini. Fikiria: limejaa madirishani Ulaya, na kwao limebaki kwenye miamba ya kuhesabika.

Mwezi Julai nikaomba likizo ya siku nne. Kupitia watu wa hifadhi nilipata bahati ya kuunganishwa na dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili ya mimea. Alikuwa na kibali cha kurekodi mahali ua linapopatikana katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, akakubali niwe mbeba begi wake. Mzee naye, kumbe, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wataalamu kwenye miamba hiyo tangu ujana wake. Tukawa watatu.

Kutoka Mbezi nilipanda basi la Tanga, Chalinze, Segera, nikashuka Muheza kwenye machungwa. Hapo unapanda kigari cha kwenda Amani. Barabara inaanza kwa upole, halafu inapofika Sigi, kwenye lango la hifadhi, msitu unakushika. Pale Sigi kuna nyumba ya mbao ya mkuu wa stesheni ya reli enzi za Mjerumani. Reli haipo tena, nyumba ipo na inapokea wageni. Kisha unapanda kona baada ya kona hadi Amani yenyewe, mita kama 900 juu ya bahari, ambako mvua ni milimita kama 2,000 kwa mwaka na asubuhi unavaa sweta ukiwa mkoa wa Tanga. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1997, ina hekta 8,380. Bustani ya mimea ya Amani ni kongwe zaidi, Wajerumani waliianza mwaka 1902.

Jioni ile dada mtaalamu alitandaza mezani orodha ya miamba mitano. Aliipata kwenye vibandiko vya mimea iliyokaushwa na wakusanyaji wa zamani. Hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani ghala la mimea mikavu, ilianzia hapo hapo Amani mwaka 1902, halafu mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kwa hiyo kujua mmea ulikuwa wapi nyuma ya nyumba yako, wakati mwingine inabidi uulize Nairobi, au Ulaya. Na hata ukiuliza, kibandiko kinakuambia "mwamba wenye kivuli kando ya kijito". Jamani! Usambara nzima ni miamba yenye kivuli kando ya vijito.

Akanionyesha fomu yake. Nilitegemea kitu kikubwa, kumbe ni karatasi moja. Tarehe. Nani ameona. Namba za GPS na mwinuko. Mwamba unaelekea wapi, unachuruzika au mkavu. Kivuli kiasi gani. Maduara ya majani mangapi, maana mmea huu majani yake hujipanga duara kama sahani, na ndiyo yanayohesabika. Mangapi makubwa, mangapi machanga, mangapi yana maua, mangapi yana matunda. Dalili za hatari. Na safu ya mwisho iliyonishangaza: muda wa kutafuta na idadi ya waliotafuta.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Ni kwa ajili ya sifuri, kaka," akasema. "Ukiandika hakuna, mtu atakayesoma baada ya miaka ishirini lazima ajue ulitafuta kweli au ulipita tu."

Nikahisi masikio yanapata moto. Sijui kama alikuwa amesoma habari yangu. Sikuuliza.

Asubuhi tukaingia msituni. Ukitoka kwenye mashamba ya chai yenye jua ukaingia chini ya miti, ni kama kuingia msikitini kutoka barabarani: ubaridi, ukimya, halafu macho yanazoea. Hondohondo wanapita juu wakivuma kwa mabawa. Mzee yuko mbele na panga lake, hafyeki, anasukuma tu matawi. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anasikiliza maji.

Mwamba wa kwanza ulikuwa mkubwa kama daladala, umejaa ukoga na kangaga. Nikatazama, sikuona kitu. Mzee akasema, "Chuchumaa." Nikachuchumaa. Na hapo ndipo nilipoliona ua la Usambara kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa mtu mzima, mwezi mmoja baada ya kulitangazia Taifa msiba wake.

Ni dogo. Lile la Hamburg limenenepeshwa, hili la nyumbani ni jembamba, ua lenyewe halifiki ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, zambarau iliyofifia kidogo kuelekea buluu. Dada akaniambia nilitazame kwa karibu. Kuna kijiti chembamba kinachochomoza upande mmoja, kwenye ua hili kulia, kwenye lile kushoto, kama mtu na kioo chake. Vidoti vya njano ni vifuko vya chavua, na havifunguki ovyo: nyuki anavishika, anavitikisa kwa mvumo wa mwili wake hadi chavua inamwagika. Nyuki asipokuja, hakuna mbegu. Nyuki haji kama msitu umekatwa vipandevipande. Mambo yote haya yanategemeana.

Nilinyoosha mkono nishike jani. Mzee akanigusa bega. "La, mwanangu. Jani moja likitoka hapa ni mmea mzima umetoka." Kweli, maana jani likichomekwa kwenye udongo linaota. Ndivyo watu wanavyolipeleka dunia nzima, na ndivyo mwamba unavyobaki mtupu: kila mmoja anachukua jani moja tu.

Tukahesabu. Unadhani kuhesabu ni kazi ndogo? Nilipata 58, dada akapata 63, tukarudia tukapata 63 wote. Mengine yalikuwa madogo kama ukucha, nilikuwa nayaruka. Manne yana maua. Akapiga picha: ua kwa mbele, ua kwa upande, jani juu, jani chini, rula pembeni. GPS chini ya miti ilikuwa inacheza, ikabidi tusubiri itulie. Saa nzima kwa mwamba mmoja. Kwa muda huo mimi huwa nimeandika habari mbili.

Mwamba wa pili. Tulipoukaribia mzee alipunguza mwendo, na mimi nikajua kabla hajasema. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka siku za nyuma, ukafungua mbingu. Jua limeingia, ukoga umekauka ukabanduka kama rangi ya ukuta, na chini kumejaa kichaka cha kigeni kiitwacho Clidemia. Juu yake miche ya Maesopsis, mti ulioletwa na watu ambao sasa umejisambazia Usambara Mashariki kama nyumbani kwao. Tukatafuta kila ufa, upande wa chini, upande wa nyuma. Dakika 45, watu watatu. Dada akaandika 0.

Mzee akavua kofia. "Hapa palikuwa pamejaa," akasema. "Nilikuwa nawaleta wageni hapa kwanza, kwa sababu ni karibu."

Sifuri ile ilikuwa nzito. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na jasho, ilikuwa na shahidi aliyepajua pakiwa pamejaa. Nikaifananisha na sifuri yangu ya ukurasa wa saba, ambayo haikuwa na kitu.

Mwamba wa tatu tukapata 17, karibu yote machanga, jambo ambalo dada alilifurahia kuliko hata maua, maana yake mbegu zinaota. Wa nne tulizunguka nusu siku bila kuupata, kwa sababu kibandiko cha zamani kilisema "karibu na daraja" na daraja hakuna. Mpaka mzee alipokaa kwenye gogo, akafikiri, akasema daraja la miti la zamani lilikuwa juu zaidi, lilichukuliwa na mafuriko kabla hatujazaliwa sisi wawili. Tukapanda. Lilikuwepo, 31. Mnaona? Karatasi peke yake ingesema limetoweka. Kumbe lililotoweka ni daraja.

Nawaza sana kuhusu mzee huyu. Karatasi za miamba hii zina majina ya wakusanyaji, lakini waliowaonyesha njia hawamo. Dada ameongeza mstari kwenye fomu yake: aliyeongoza. Ameandika jina la mzee kila ukurasa. Mimi hapa sitaliandika kwa sababu ameniomba nisiliandike. Jina litaleta watu nyumbani kwake, na watu wataomba wapelekwe.

Sasa mwamba wa tano. Huu ndio ule wa kijiji, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, ule uliosomewa gazeti langu. Tulifika siku ya mwisho, ukungu umeshuka. Ni ukuta hasa, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, maji yanachuruzika, miti mikubwa imeuinamia. Nilikuwa na uhakika tungelipata. Nilishaanza hata kuandika kichwani habari ya kusahihisha: LIPO!

Tukatafuta sehemu yote ya chini. Dakika 30. Saa moja. Hakuna. Kangaga, ukoga, bigonia za porini, konokono. Hakuna.

Halafu mzee akaonyesha juu, kwenye rafu ya mwamba ambayo mtu hawezi kuifikia bila kamba. Kulikuwa na maduara ya kijani, matano au sita. Dada akatoa darubini yake ndogo, akatazama muda mrefu. Akampa mzee. Mzee akanipa mimi. Majani duara, ndiyo. Manyoya? Ukungu. Maua? Hakuna.

"Ndilo lenyewe," nikasema.

"Huenda," akasema dada. "Kuna mimea mingine yenye majani yanayojipanga hivyo."

"Lakini lilikuwepo hapa. Mzee anajua."

"Najua lilikuwepo," akasema mzee polepole.

Nitawaambia ukweli. Nilimwomba aandike lipo. Nilimwambia watu wa kijiji wanasubiri, miti hii itakatwa, na uongo huu, kama ni uongo, ni mdogo na ni wa kheri. Nilimwambia kosa ni langu, na kalamu yake moja inaweza kulifuta. Nilizungumza vizuri sana, ni kazi yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, wakija watu wengine na kamba wakapanda wakakuta bigonia, hii 63, hii 17, hii 31, nani ataziamini tena?"

Nikamtazama mzee anitetee. Mzee ndiye mwenye kijiji, yeye ndiye anayepoteza. Akatikisa kichwa. "Aandike alichokiona. Mimi mkutanoni nitasema nilichokiona. Akili za kuambiwa tumeshazipata za kutosha."

Dada akaandika: sehemu ya chini, 0, dakika 70, watu watatu. Sehemu ya juu, haikufikika, mimea inayofanana imeonekana kwa darubini, haijathibitika. Kivuli kizuri, mwamba unachuruzika, mazingira yanafaa. Akanipa nisaini kama shahidi. Ni saini ngumu kuliko zote nilizowahi kuweka, na nimeshasaini mkataba wa nyumba Sinza.

Tuliporudi Amani jioni aliingiza baadhi ya picha kwenye iNaturalist. Hapo nikajifunza jambo jingine. Kwa viumbe vilivyo hatarini, mtandao ule hauonyeshi mahali halisi. Unaitupa nukta popote ndani ya mraba wa digrii 0.2, karibu kilomita 22 kila upande. Nukta yetu moja imeangukia katikati ya shamba la chai. Ukienda na ramani hiyo utakuta wachumaji chai wanakushangaa. Namba halisi zimebaki kwa watu wa hifadhi na wataalamu wanaozihitaji kwa kazi yao.

Sisi waandishi tunafundishwa siku ya kwanza darasani: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Ukikosa mojawapo mhariri anakurudishia. Mmeshaona kwamba humu nimeikwepa ile ya tatu, na mtaniwia radhi, nimeikwepa makusudi. Sikujua zamani kwamba "wapi" inaweza kuua.

Niliporudi Dar es Salaam nilimwendea mhariri, nikamweleza yote, nikaomba tusahihishe. Alikubali, kwa haki yake. Sahihisho limetoka ukurasa wa 11, chini, kwenye kona, maneno 52 nimeyahesabu. Habari ya uongo ilikuwa na maneno mia nne na picha ya rangi. Ndiyo maana naandika tena hapa, ambapo hakuna anayenihesabia maneno.

Mzee amenipigia juzi. Mkutano ulifanyika. Alisimama na nakala ya fomu, akasoma yote, na ile sifuri akaisoma. Anasema watu walinyamaza kwanza, halafu mmoja akauliza, sasa lipo au halipo? Mzee akajibu: chini halikuonekana, juu hatujui, na hatujui si ruhusa ya kukata. Wakabishana hadi magharibi. Walichokubaliana ni kwamba mteremko usiguswe mpaka mwamba utazamwe tena wakati ua limechanua, na suala la madawati liandikiwe barua wilayani. Barua za wilayani mnazijua. Kwa hiyo watoto bado wanakaa chini, na miti bado imesimama, na siwezi kuwaambia kwamba mambo yamekwisha vizuri, kwa sababu hayajakwisha.

Binamu yangu wa Hamburg naye ametuma picha nyingine. Amekata jani, amelichomeka kwenye glasi ya maji, limeota mizizi. "Nikuletee?" ameuliza. Nimemjibu aliache huko huko limpambie dirisha. La kule juu ya mwamba ndilo ninalolitaka, nalo silitaki mkononi. Nataka kuliona tu, kwa hakika, ili mtu aandike namba badala ya "haijathibitika". Au aandike sifuri, ikibidi, lakini iliyofuatwa huko juu kwa miguu na kamba.

Tumepanga kurudi mvua za vuli zikianza. Dada anatafuta mtu anayejua kupanda kwa kamba. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta darubini kubwa kuliko ile. Kama kuna msomaji anayo na haitumii, naomba aniazime. Nitaitunza, na nitairudisha na tope kidogo la Usambara.

Haya, panapo majaaliwa.